Kutoka Kasumba hadi Unga

Neno kasumba liliingia katika Kiswahili kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Huko Kachi na Gujarati ndilo jina la afyuni iliyochanganywa na maji, kinywaji alichokaribishiwa mgeni wa heshima. Kamusi za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo ya afyuni, zikaongeza ya pili: fikra zilizomganda mtu hata asiweze kuziacha. Wasemaji wengi wa leo wanaijua hii ya pili tu. Walioizua waliuelewa ulevi barabara, pengine kuliko baadhi ya waliokuja baadaye kuutungia sheria.

Heroini ilipoingia Zanzibar katika miaka ya 1980, haikurithi jina hilo, ingawa hutengenezwa kwa utomvu wa mmea uleule wa afyuni. Iliitwa unga. Jina hilo halikumtisha mtu. Unga ni kitu cha jikoni, hununuliwa na kuliwa kila siku, na mtumiaji naye akasemwa kuwa "anakula unga". Ulifungwa katika kete ndogo, ukavutwa pamoja na tumbaku au bangi. Ulitoka Afghanistan na Pakistan, ukipita katika bahari ileile iliyoleta majahazi ya kaskazi. Na njia hiyo haikuzibika, kwani Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja karibu na pwani ya Kenya.

Hatari ilibadilika sura mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipoenea pwani heroini nyeupe inayoyeyuka upesi majini. Sindano ikachukua nafasi ya moshi, na sindano moja ikapita mikono mingi. Huko Dar es Salaam, mwaka 2005, watafiti walieleza desturi ya kutisha: mwanamke aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake kwa bomba na kumpa mwenziwe asiye na fedha ajidunge nayo, kwa kuamini kwamba damu hiyo ina kiasi cha dawa cha kumtuliza. Kilichowasukuma ni huruma, na humo humo mlikuwamo maambukizi. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2007 ulionyesha kwamba takriban 16 katika kila 100 ya waliojidunga waliishi na virusi vya UKIMWI, ilhali miongoni mwa wakaazi wote kwa jumla hawakutimia 1 katika 100.

Mtumiaji mwenyewe alikwisha kupewa jina: teja. Ni jina la dharau, nalo limefanana mno na mteja, neno ambalo kabla ya kuzoeleka kwa mnunuzi wa dukani lilikuwa la mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Mtaa uliokumbuka mnunuzi ulimsahau mgonjwa.

Tiba ilichelewa. Kuanzia mwaka 2009 zilifunguliwa soba hausi, na walioziendesha aghalabu walikuwa watu waliowahi kutumia unga na kuuacha. Mwaka 2015 dawa ya methadoni, iliyokwisha kuanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ilifika Unguja katika hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Hunywewa mbele ya mhudumu, na huzuia arosto kwa muda wa siku moja hivi. Kwa hiyo aliyeinywa leo asubuhi hana budi kurudi kesho.