Moi, Euclid na ploti yako ya Ruiru

Wasee wa Thika na Ruiru, mnakumbuka mada ya kongruensi kidato cha pili? Ile ya kuthibitisha kwamba pembetatu mbili zinalingana kabisa. Haina sura yake. Imebanwa kwa sura moja na uakisi, yaani mambo ya kioo. Kwa nini? Jibu ni siasa.

Enzi za mkoloni, na hata uhuru ulipokuja, watahiniwa wa Cambridge walisoma jiometri ya Euclid, aliyeandika kama miaka 300 kabla ya Kristo. Unapewa mchoro, unathibitisha, kila mstari na sababu yake kando. Wengi walikariri tu, tusidanganyane.

Halafu 1957 Warusi wakarusha Sputnik, na Wamarekani wakashtuka kwamba wameachwa nyuma kwa sayansi na hesabu. Huo mshtuko ulitufikia pia. 1962 wataalamu wao na walimu wa Afrika wakakutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya. Baadaye shule za Kenya zikatumia pia School Mathematics of East Africa, yenye mizizi Uingereza. Hiyo ndiyo "hesabu mpya": seti, matriki, na jiometri ya kusongesha maumbo. Pembetatu zinalingana kama unaweza kuisukuma, kuizungusha au kuigeuza moja ikalala sawasawa juu ya nyingine. Hapo ndipo kioo kiliingilia.

Malalamiko yakaja. Walimu wengi hawakuwa wameandaliwa, na wazazi walisema watoto wanajua seti lakini kugawanya ni shida. 1981 Rais Moi akaipiga marufuku. Mtaala uliofuata ukachanganya ya zamani na mpya. 8-4-4 ilianza 1985, mwaka uleule kahawa ya Ruiru 11 ilitolewa na kituo cha utafiti pale Ruiru. Zote mbili ni chotara, ila kahawa ndiyo ilifanyiwa majaribio ya kutosha.

Maoni yangu: kwa huo mchanganyiko kioo kilibaki, uthibitisho ukapotea. Tuliachiwa majina manne, SSS, SAS, ASA na RHS. Unaandika herufi tatu, unapata maksi, unasonga. Ni wangapi waliuliza mbona SSA haimo? (Haimo kwa sababu ule upande wa pili unaweza kubembea na kugusa msingi mahali pawili, ukapata pembetatu mbili tofauti.)

Na kinachochekesha ni kwamba Euclid mwenyewe alithibitisha SAS kwa kuweka pembetatu moja juu ya nyingine. Kusongesha! Wataalamu walinung'unikia hiyo hatua kwa karne nyingi, mpaka 1899 Mjerumani David Hilbert akaamua SAS ikubaliwe tu kama msingi, bila kuthibitishwa. Kwa hivyo hao wa hesabu mpya hawakuwa wamepotea sana vile tuliambiwa.

Sasa hii inakuhusu aje? Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa ploti, na tangu Thika Road ipanuliwe 2012, kila mtu anatafuta 50 kwa 100. Broka anakupeleka Kimbo, anakuonyesha bikoni nne, mnapima: futi 50, 100, 50, 100. Unafurahi. Lakini pande nne hazifungi umbo. Piga misumari vijiti vinne, sukuma kidogo, uone vile fremu inalala. Kona ikiwa digrii 60 badala ya 90, pande ni zilezile lakini kutoka futi mraba 5,000 unabaki na 4,330 hivi. Ardhi imeenda na tepu haijadanganya.

Dawa ni kupima kona hadi kona, mshazari. Lazima upate karibu futi 111.8. Ukipata hapo, ploti imegawanyika kuwa pembetatu mbili za 50, 100 na 111.8, na pande tatu zikishajulikana pembetatu ni moja tu duniani. Hiyo ni SSS. Fundi wa Makongeni anayevuta kamba ya 3-4-5 kabla ya kuchimba msingi anaitumia kila siku, bila kuiita jina. Bado utahitaji mpima ardhi na ramani, lakini utaenda kwake ukijua cha kuuliza.

2025 tulibishana tena, sasa kama hesabu iwe lazima senior school. Awali ilikuwa ya hiari. Baada ya makelele, Waziri Ogamba akatangaza ni lazima, kwa matoleo mawili: kamili kwa wa sayansi na nyepesi kwa wengine. Mjadala wote ulikuwa lazima ama si lazima. Hao wa nyepesi watafundishwa kwa nini pande tatu zinatosha, ama watapewa herufi tatu tena? Hao pia watanunua ploti.