Kushusha Injini Nzima

Bampa ya nyuma hutoka kwanza. Maji ya kupoza injini humwagwa kwenye beseni, mipira ya rejeta hulegezwa, bomba za petroli huzibwa midomo, na fundi makini hubandika kikaratasi kwenye kila soketi ya waya ili siku ya kurudisha asibahatishe. Shafti mbili zinazozungusha magurudumu ya nyuma huachanishwa na giaboksi. Meza ya chuma yenye magurudumu husukumwa chini ya gari, na lifti huteremka kidogo kidogo mpaka fremu ya mabomba iliyobeba injini na giaboksi ikae sawasawa juu ya meza. Bolti za mwisho zinafunguliwa. Fundi anabonyeza kitufe, na bodi ya gari inapaa peke yake.

Hiyo ndiyo sevisi kubwa ya Ferrari F355, gari la michezo lililotoka kiwanda cha Maranello, Italia, kati ya 1994 na 1999. Injini iliyobaki mezani haijanoki, hailambi oili, haina mlio mbaya. Huenda wiki iliyopita ilipanda hadi mizunguko 8,000 kwa dakika na kushuka bila kukohoa. Imetolewa kwenye gari kwa sababu ya mkanda wa mpira uliofikia umri wake.

Kwa Kiingereza, wenye magari hayo huiita kazi hii kwa maneno yenye maana ya "injini nje". Kiswahili nacho kina jina lake, na halikutoka kwenye kamati yoyote. Limo vinywani mwa mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Grogan jijini Nairobi kila siku ya kazi: kushusha injini. Ila jina hilo linapopelekwa kwenye gari kama F355 linazua hofu isiyostahili, kwa hiyo inafaa lichunguzwe kabla halijaandikwa kwenye vitabu vya ufundi.

Tuanze na mkanda wenyewe. Ndani ya injini, krenkshafti huzungushwa na pistoni, na kamshafti hufungua na kufunga valvu. Shafti hizo mbili haziruhusiwi kwenda kila moja kivyake: krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, daima, bila kupungua wala kuzidi. Kinachozifunga pamoja kwenye F355 ni mkanda wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, wenye meno upande wa ndani yanayokamata meno ya puli. Injini hiyo ina silinda 8 zenye ujazo wa lita 3.5, na kila silinda ina valvu 5. Ndiyo siri ya jina lake: 35 ni lita, 5 ya mwisho ni valvu. Jumla ni valvu 40. Katika mizunguko 8,500 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kujifunga zaidi ya mara 70 katika sekunde moja.

Sasa mkanda ukatike, au uruke meno machache. Kamshafti inasimama, krenkshafti inaendelea kuzunguka kwa kasi iliyokuwa nayo, na pistoni zinapanda kuzikuta valvu zikiwa wazi njiani. Nafasi baina yao ni ndogo mno. Valvu zinapinda, pistoni zinaweza kutoboka, na bili ya kukarabati inaimeza bili ya sevisi mara kadhaa. Tena mpira hauhesabu kilomita peke yake. Huzeeka ukiwa umesimama, umekunjika sehemu moja juu ya puli, gari likiwa limefunikwa turubai. Ndiyo maana wataalamu wa Ferrari hupima uhai wa mkanda kwa miaka, mitatu hadi mitano, hata kama gari halikwenda popote zaidi ya barabara ya Jumapili asubuhi.

Mkanda wenye meno haukuzaliwa kwa ajili ya magari. Ulianza Marekani katika miaka ya 1940, kwenye vyerehani, ambako sindano na uzi vinapaswa kukutana kwa wakati uleule kila mshono. Gari la kwanza la kiwandani kuutumia kuendesha kamshafti lilikuwa Glas 1004 la mwaka 1962, lililoundwa Dingolfing, Bavaria, na kampuni ndogo ambayo BMW iliinunua mwaka 1966. Mwaka huohuo Fiat ilileta injini ya kamshafti mbili zenye mkanda, kazi ya mhandisi Aurelio Lampredi. Lampredi huyo ndiye aliyewahi kuwachorea Ferrari injini kubwa za silinda 12. Ferrari wenyewe waliingia kwenye mikanda mwaka 1973, kwa 365 GT4 BB na Dino 308 GT4. Mkanda ulikuwa kimya kuliko cheni, mwepesi, rahisi kuunda, na haukuhitaji kuoga oili. Gharama yake ilikuja baadaye, kwa mtu wa pili au wa tatu kulimiliki gari.

Na ukubwa wa gharama hiyo ulitegemea injini imelala vipi. Kwenye 308 injini imewekwa kimkingamo, kwa hiyo mkanda unatazama ubavuni, na fundi huufikia kupitia nafasi ya gurudumu. Ni kazi ya kuinama na kuchubuka vidole, lakini injini inabaki mahali pake. Testarossa ya 1984 na 348 ya 1989 zilikuja na injini iliyolazwa kwa urefu, mkanda ukiwa mbele ya injini, umebanwa na ukuta wa nyuma ya viti. Mkono haupiti. F355 ilirithi mpangilio huo. Ilipofika 360 Modena mwaka 1999, wahandisi waliweka kifuniko nyuma ya viti, na mkanda ukawa unabadilishwa kutoka ndani ya kabini. Mwaka 2004 F430 ikaachana na mkanda na kurudi kwenye cheni. Kwa hiyo "injini nje" ni istilahi ya kipindi kifupi, magari machache, na watu wachache wanaoyapenda kupita kiasi. Hata hivyo inastahili jina sahihi, kwa sababu mnunuzi wa F355 leo huulizia risiti ya kazi hiyo kabla hajauliza rangi ya viti.

Kwa mkanda wenyewe, lugha nyingine zimeshajigawia majina, na kila moja imechagua kutazama kitu chake. Mjerumani aliona meno, akasema "mkanda wa meno". Mwitalia aliona kazi ya kugawa hewa na moshi, kuingiza na kutoa, akauita "mkanda wa usambazaji". Mwingereza aliona wakati. Fundi wa Kiswahili alimfuata Mwingereza, akasema taimingi belti au mkanda wa taimingi, na akalipa neno hilo vitenzi vyake: kuseti taimingi, taimingi imeruka. Zipo hoja za kutaka neno lililomo katika Kiswahili tangu zamani, na lililo bora ni majira. Majira ni wakati, kama katika saa ya majira, lakini kwa mabaharia wa pwani majira ni pia njia ambayo chombo hushika baharini. Wakati na mwelekeo katika neno moja, ndicho hasa anachotafuta mtu anayelinganisha kamshafti na krenkshafti. Mwalimu wa chuo cha ufundi anayetaka kusema "majira ya injini" darasani atakuwa amesema jambo zuri. Gerejini, hata hivyo, taimingi imeshashika mizizi, na fundi anayelala chini ya gari hahitaji kutafsiriwa neno analolitumia vizuri.

Jina la kazi lina ugumu zaidi kuliko jina la mkanda. Mwitalia hupeleka gari kwenye tagliando, neno lenye maana ya kuponi ya kukata: kitabu cha dhamana kilikuwa na kuponi kwa kila sevisi, na iliyofanyika ilikatwa. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe kuna tarehe iliyopangwa kabla, kabla hata gari halijaondoka dukani.

Kiswahili rasmi kina matengenezo, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Kutengeneza ni kuunda kitu kipya na pia kukirekebisha kilichoharibika. Ukisema gari liko matengenezoni, msikilizaji anaelewa kwamba limeharibika. Hamfikirii mwenye gari zima aliyelipeleka kwa hiari yake. Huduma nayo imeshabebeshwa mizigo mingi, kuanzia huduma ya kwanza ya mgonjwa hadi huduma za benki. Ukarabati ni kwa kilichochakaa. Iliyobaki ni sevisi, ambayo watu wanaitumia kwa usahihi mkubwa kuliko wanavyojua wenyewe. Hakuna anayesema amelipeleka gari sevisi baada ya kugonga mti. Sevisi ni kwa gari linalotembea. Na hata vipimo vyake vipo: sevisi ndogo ni oili na filta, sevisi kubwa ni zaidi ya hapo.

Kisha kushusha. Mtu asiye fundi angedhani neno hili linaeleza upande injini inakoelekea, lakini angalia linavyotumika. Kwenye gari dogo la kawaida injini hunyanyuliwa kwa winchi, inapita juu ya taa za mbele ikining'inia kwenye mnyororo, na bado fundi atasema ameishusha. Ni kushusha kama kushusha mzigo kutoka kwenye lori au kushusha abiria kituoni: kuondoa kilichobebwa kutoka kwa kilichokibeba. Ikirudi, imepandishwa. Kiingereza kinaiona injini ikitoka ndani ya chumba. Kiswahili kinaiona kama mzigo na gari kama chombo. Kwenye F355 maana zote mbili za kushusha, kuteremsha na kuondoa mzigo, zinakutana, kwa kuwa injini inatua mezani na gari linabaki tupu juu yake.

Tatizo ni hofu. Mwambie dereva wa Afrika Mashariki kwamba injini ya gari lake imeshushwa, naye atakupa pole. Katika mazoea ya mtaani injini hushushwa ikiwa imenoki, imechanganya maji na oili, au imetafuna beringi. Tendo hilo limefungamana na msiba. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno, "kushusha injini" peke yake, ingempotosha msomaji: angedhani kila F355 hufa kila baada ya miaka michache.

Dawa ni kuyaweka maneno mawili pamoja. Sevisi ya kushusha injini. Sevisi inaondoa msiba, kushusha kunaeleza ukubwa wa kazi. Ukiandika "gari limefanyiwa sevisi ya kushusha injini mwaka jana", msomaji anajua gari lilikuwa zima, kazi ilipangwa, na ilichukua siku kadhaa na fedha nyingi. Na ukihitaji kutofautisha na kazi ya injini iliyokufa, sema "injini ilishushwa ikafanyiwa ovaholi". Mafundi wanazitenganisha kazi hizi mbili kila siku. Wanaotakiwa kuzitenganisha pia ni waandishi na watunga kamusi.

Faida ya tofauti hiyo haiishii kwa Ferrari. Injini za dizeli za Toyota aina ya 3L na 5L, zilizobeba abiria kwenye HiAce kwa miaka mingi, zina mkanda wa taimingi, na mkanda huo ukikatika valvu zinaumia vilevile. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ina taa ndogo kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kilomita za mkanda zikitimia. Inawaka injini ikiwa nzima kabisa, na hapo ndipo madereva wengi hujikuta hawana neno la kumwambia tajiri. Wakisema gari linahitaji matengenezo, wataulizwa limeharibika nini. Wakisema sevisi kubwa ya mkanda, swali linabaki lini na kwa bei gani.

Kuna maneno mengine mawili ambayo kila mwenye F355 huyasikia, na Kiswahili kinayasema vizuri kuliko lugha nyingi: maadamu imeshashushwa. Maadamu imeshashushwa, beringi za puli za kukaza mkanda zibadilishwe. Na pampu ya maji itazamwe. Na sili za kamshafti, gasketi za vifuniko vya valvu, mipira ya maji iliyokakamaa, plagi, mikanda mingine ya nje. Manifoldi za ekzosi za F355 zina sifa ya kupasuka, basi nazo zikaguliwe. Orodha inakua, na fundi mwaminifu haiongezi kwa tamaa. Mpira wa bei ndogo ukivuja miezi sita baadaye mahali ambapo mkono haupiti, injini yote itarudi mezani kwa ajili yake.

Siku ya mwisho kabla ya kupandisha, gereji huwa kimya. Mkanda mpya umevalishwa, umekazwa, na alama za kamshafti zimekutana na alama za vishikizo vyake. Wataalamu wengine hawaridhiki na alama hizo, wanapima digrii kwa gurudumu lililochorwa. Hakuna anayegusa stata. Fundi anaingiza spana ndefu kwenye bolti ya krenkshafti na kuizungusha kwa mkono, polepole, akisikiliza kama kuna kinachogusana. Mzunguko wa kwanza unakamilika, na alama za kamshafti ziko upande wa pili, kama zinavyopaswa kuwa. Anaendelea mzunguko wa pili. Zikirudi pale pale zilipoanza, anachomoa spana, anaifuta, na kuwaita wenzake waje washike lifti.