Saratani ya ngozi: Chembe ndogo zinazozuia jua na wenye ualbino wa kusini

MWANGA wa jua huanzisha saratani ya ngozi, na mwanga ukiongozwa kwa ustadi unaweza kuiunguza saratani. Katika miongo ya karibuni wanasayansi wa baiolojia ya saratani na wale wa nanoteknolojia wamekutana katika uwanja huo mmoja, wakitengeneza chembe ndogo mno zenye uwezo wa kuunyonya mwanga, kuutawanya au kuugeuza kuwa joto. Kwa Tanzania suala hili linawagusa moja kwa moja watu wenye ualbino, ambao wengi wao hupoteza maisha mapema kwa saratani ya ngozi. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaoishi kwa kilimo, mbali na hospitali kubwa, kama ilivyo katika eneo la Lulindi, kati ya Masasi na Newala mkoani Mtwara.

Lulindi si jina geni katika historia ya tiba. Daktari Mwingereza wa misheni ya Kianglikana, Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980, alianza kazi yake huko mwaka 1935. Mwaka 1952 na 1953 ulizuka katika vijiji vya Makonde ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Daktari Marion Robinson wa Lulindi aliueleza kitaalamu katika makala iliyochapishwa mwaka 1955, na ndipo dunia ikalipata neno chikungunya, linalotokana na lugha ya Kimakonde na kueleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Ugonjwa ule ulitambulika kwa kuwa alikuwapo daktari pale walipokuwa wagonjwa, naye akawatazama kwa makini. Saratani ya ngozi haina kishindo cha mlipuko, lakini nayo inahitaji jicho la namna hiyo, tena kwa miaka mingi mfululizo.

Eneo hilo liko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua la mchana hupita wima juu ya vichwa vya wakazi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Oktoba ni msimu wa kuokota na kuanika korosho. Februari mashamba ya chakula yanahitaji palizi. Vipindi viwili ambavyo mionzi ni mikali kuliko vyote vinaangukia katika siku ambazo mkulima hana namna ya kukaa ndani.

Kinachodhuru ngozi ni sehemu ya mwanga isiyoonekana kwa macho, yaani mionzi ya urujuanimno. Wanasayansi huipima kwa nanomita, kipimo ambacho milioni moja yake hutimiza milimita moja. Mwanga unaoonekana una mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 400 na 700. Mionzi ya urujuanimno inayofika ardhini iko chini ya 400, na ile iliyo chini ya 315 ndiyo kali zaidi kwa vinasaba. Inapoingia katika seli ya ngozi, huzifanya herufi mbili za vinasaba zilizo jirani zigandamane. Seli ina vimeng'enya vinavyokata kipande kilichoharibika na kukijaza upya. Kazi ya kueleza ufundi huo ndiyo iliyompa Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2015.

Madhara yakizidi uwezo wa fundi, makosa hubaki. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, Douglas Brash na wenzake, walichunguza uvimbe wa saratani ya seli bapa za ngozi na kukuta kwamba zaidi ya nusu yake ulikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo p53, ambayo kwa kawaida huisimamisha seli iliyoharibika isigawanyike au huiamuru ife. Hitilafu hizo zilikuwa na alama ya pekee inayoachwa na urujuanimno. Kwa maneno mengine, jua lilikuwa limeacha nyayo zake ndani ya uvimbe wenyewe. Seli iliyopoteza mlinzi huyo huendelea kuzaana, na jua la kesho na keshokutwa huua seli nzuri zilizoizunguka na kuiachia nafasi.

Mtu asiye na ualbino ana kinga ya asili. Ndani ya ngozi yake mna vifuko vidogo vyenye melanini, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu ya elfu moja ya milimita hivi. Seli huvipanga juu ya kiini chake mfano wa mwavuli, upande linakotokea jua. Ni ufundi wa chembe ndogo zinazoongoza mwanga, uliokuwapo kabla binadamu hajabuni neno nanoteknolojia.

Katika ualbino unaopatikana zaidi Afrika, tatizo liko katika jeni inayojulikana kama OCA2. Protini yake husaidia kupunguza uchachu ndani ya vifuko hivyo ili kimeng'enya cha kutengeneza melanini kifanye kazi. Ikikosekana, vifuko vipo lakini karibu havina rangi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 juu ya wagonjwa wa Tanzania ulikuta kwamba sehemu kubwa ya jeni zao zenye hitilafu, asilimia 77, zilikuwa na pengo lilelile moja. Pengo hilo limeonekana pia katika nchi nyingine za Afrika, jambo linaloashiria kwamba lilitokea mara moja, zamani sana, kisha likasafiri na watu. Mtoto huzaliwa na ualbino akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa na rangi ya kawaida. Ni vyema hilo likafahamika, maana bado wapo akina mama wanaolaumiwa peke yao.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini, sawa na mmoja kwa kila watu 2,650 hivi. Watafiti wengi huamini idadi halisi ni kubwa zaidi, na hofu ya mauaji na ukatwaji wa viungo uliotikisa nchi katika miaka ya 2000 ni sababu mojawapo ya baadhi ya familia kuwaficha watoto wao. Magazeti yaliandika sana juu ya ukatili huo, na ilistahili. Hata hivyo vyama vya watu wenye ualbino na madaktari wa ngozi wamekumbusha mara kwa mara kwamba jua limeua wengi zaidi, kimyakimya. Uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba madhara ya jua huonekana katika ngozi tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Magamba na vidonda vya awali hufuata ujanani, hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Kinachojitokeza baadaye mara nyingi ni saratani ya seli bapa. Ile saratani ya ngozi yenye rangi nyeusi, inayoogopwa sana na wazungu, si ya kawaida kwao.

Hapo ndipo chembe za kuongoza mwanga zinapoingia. Iliyozoeleka zaidi ni oksidi ya zinki, unga mweupe ambao Watanzania wanaufahamu kupitia losheni ya kalamini. Nyingine ni dioksidi ya titani, ambayo hutumika pia katika rangi za nyumba. Zamani zikipakwa ngozini ziliacha weupe mzito kama chokaa, na wachezaji wa kriketi walionekana na pua nyeupe uwanjani. Weupe huo hutokana na ukubwa wa chembe: zikikaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga unaoonekana, huutawanya kila upande. Zikisagwa hadi chini ya nanomita 100, mwanga unaoonekana hupita karibu bila kuziona, ilhali urujuanimno huendelea kunaswa.

Wengi hudhani chembe hizo hufanya kazi kama kioo, kwa kuurudisha mwanga ulikotoka. Vipimo vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi yao ni kunyonya. Elektroni za oksidi ya zinki hupokea nishati ya mawimbi yaliyo chini ya nanomita 370 hivi na kuipoteza kama joto dogo lisilohisika. Mawimbi marefu zaidi hayana nishati ya kutosha kuziinua, hivyo hupita. Dioksidi ya titani ni hodari zaidi kwa mionzi ile mikali ya chini ya 315. Kwa hiyo watengenezaji mara nyingi huzitumia pamoja.

Je, chembe ndogo kiasi hicho haziingii mwilini? Tafiti nyingi zimekuta kwamba hubaki katika tabaka la juu la ngozi, ambalo tayari limekufa, na wataalamu wa usalama wa vipodozi wa Umoja wa Ulaya wameikubali oksidi ya zinki ya kiwango cha nano kwa kupakwa hadi asilimia 25. Hofu kubwa iko katika kuivuta kwa pua, na ndiyo maana haishauriwi kupuliziwa. Dioksidi ya titani ina tabia nyingine: ikipigwa na jua huweza kuzalisha kemikali zenye kuunguza, na kwa hiyo chembe zake hufunikwa kwa silika au alumina. Kwa ngozi yenye vidonda wazi tahadhari inahitajika, na daktari ndiye wa kuamua.

Upande wa pili wa utafiti unashughulikia saratani iliyokwisha kuota. Mwaka 2003 Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba vijigololi vya silika vilivyovikwa dhahabu nyembamba hunyonya mwanga wa infraredi, ambao hupenya nyama bila kuidhuru, na kuugeuza kuwa joto linaloua seli za uvimbe. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la awali kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Chembe hizo ziliingizwa kupitia mshipa wa damu, kisha leza ikaelekezwa kwenye uvimbe, na tiba ilikamilika kwa 15 kati yao bila madhara makubwa. Ni hatua ya kutia moyo, lakini inadai leza, picha za kisasa za mwili na wataalamu wengi chumba kimoja. Kwa mgonjwa wa Lulindi haiwezi kulinganishwa kwa manufaa na krimu ya zinki.

Umbali unaeleza sababu. Kutoka Masasi hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 600. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana hapo pekee nchini, kisha ikafuata Bugando, Mwanza, ambako ni mbali zaidi kwa mtu wa kusini. Hospitali ya misheni ya Ndanda iko jirani, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara ilianza kutoa huduma mwaka 2021. Magamba ya awali yanaweza kuondolewa kwa nitrojeni ya kimiminika au kwa upasuaji mdogo bila safari ndefu, ilimradi yaonekane mapema. Uvimbe uliokwisha kula shavu au sikio ni jambo jingine.

Jitihada kubwa zaidi nchini ilitokea Moshi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika Hospitali ya KCMC mwaka 1992 kilianza, katika muongo wa 2010, kutengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino, kwa mpango wa mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na msaada wa kitaalamu wa kampuni ya BASF ya Ujerumani. Mafuta hayo yaligawiwa bure kupitia kliniki zinazotembea, pamoja na kofia na mafunzo. Mgawo huo kuunganishwa na kliniki ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu aliyefuata chupa alikaguliwa ngozi siku hiyohiyo. Kisiasa nako mambo yalisogea. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mbunge wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni.

Linalobaki ni hesabu ya chupa. Kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye mafuta hupatikana maabara kwa kupaka miligramu mbili kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, wakati watu wengi hupaka nusu ya hapo au pungufu. Kwa kipimo hicho uso na shingo huhitaji kijiko kimoja cha chai, na kila mkono kijiko kingine. Jumla ni mililita 15, na kwa anayetoka jasho shambani inabidi kurudia kila baada ya saa mbili. Akipaka mara mbili tu kwa siku, chupa ya mililita 100 itamalizika siku ya nne. Akivaa shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana, akabakiza uso, shingo na viganja vya kupakwa, chupa hiyohiyo itamfikisha wiki moja hivi. Msimu wa korosho huchukua miezi mitatu au zaidi.