Mishale Isiyofika: Historia ya Kusafisha Njia za Mkato katika Windows

Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft ilianza kuuza Windows 95, na wanunuzi wakakuta kwenye skrini aikoni zenye kishale kidogo pembeni. Aikoni ya namna hiyo haikuwa programu yenyewe, bali faili ndogo iliyoeleza programu iko wapi. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mfumo wa Unix wa 4.2BSD ulikuwa na viungo vya aina hiyo tangu 1983, na Apple ilivileta kwenye Macintosh mwaka 1991 kupitia System 7. Windows 95 ndiyo iliyozieneza njia za mkato majumbani na maofisini, pamoja na kazi ya kufagia masalia yake.

Masalia hayo yalitokana na mazoea. Enzi za DOS, mtu aliyechoshwa na programu aliifuta folda yake, kazi ikaisha. Alipofanya hivyo kwenye Windows 95, njia za mkato zilibaki kwenye eneokazi na kwenye menyu ya Start. Akibofya mojawapo, kompyuta ilianza kuisaka faili iliyopotea, huku dirisha likionyesha kurunzi inayomulika huku na kule. Ililinganisha majina, ukubwa na tarehe za kuundwa. Ikikosa, ilipendekeza faili iliyokaribiana zaidi na ile ya awali, hata kama hazikuhusiana kabisa.

Windows 2000 ilipunguza usumbufu huo: kwenye diski za NTFS, faili ilipewa utambulisho wa kudumu ili ikihamishwa iweze kufuatwa. Iliyofutwa haikuwa na pa kufuatwa.

Soko la programu za kusafisha njia hizo likazaliwa. Norton Utilities, na baadaye CCleaner, zilikagua kompyuta na kuorodhesha njia zilizokatika. Nafasi iliyookolewa ilikuwa ndogo mno, maana kila njia ya mkato huwa na kilobaiti chache tu. Faida ilikuwa menyu inayosomeka, isiyompeleka mtu kwenye programu ambayo haipo tena.

Microsoft nayo ikaingia kazini. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na kisafishaji kilichomuuliza mtumiaji, kila baada ya siku 60, kama angependa aikoni zisizotumika ziondolewe mbele yake. Akikubali, zilihamishiwa kwenye folda maalumu, na hakuna iliyofutwa.

Windows 7, mwaka 2009, haikuwa na subira hiyo. Kila wiki ilikagua eneokazi, na ikikuta njia zilizokatika zaidi ya 4, ilizifuta zote bila kuuliza. Hapo kosa la msingi likajitokeza: njia inayoelekea kwenye flashi iliyochomolewa, au kwenye seva ya ofisi ambayo kompyuta haijaunganishwa nayo, ilihesabiwa kuwa imekatika. Mfanyakazi aliyesafiri na kompyuta yake aliweza kupoteza njia zilizokuwa nzima kabisa. Microsoft ilishauri watu wazihifadhi ndani ya folda kwenye eneokazi, ambako ukaguzi huo haukuzigusa.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Ijumaa, 13 Januari 2023. Sasisho la Microsoft Defender lilikuwa na kasoro katika kanuni ya kuzuia makro hatari za Office. Kwenye kompyuta za mashirika yaliyoiwasha kanuni hiyo, njia za mkato zilifutwa kutoka menyu ya Start, eneokazi na upau wa kazi. Programu zenyewe zilikuwa salama kwenye diski, lakini wafanyakazi walizizoea kwa aikoni tu, hivyo kwao Word na Excel zilikuwa zimetoweka.

Microsoft iliondoa kasoro hiyo, kisha ikatoa skripti iliyokagua orodha ya programu zinazotumika sana na kuziundia njia mpya pale ilipozikuta. Wasimamizi wa kompyuta waliokuwa na programu zisizokuwamo katika orodha iliwabidi waziongeze wenyewe.