Mgeni wa Nani? Maskati kabla ya Hoteli na Baada Yake

Kabla ya Julai 1970, milango ya Maskati ilifungwa saa tatu usiku, kwa saa zetu zinazohesabiwa tangu jua kuzama. Ngoma ilipigwa kutoka ngome ya Mirani kuwahimiza walio njiani, na baada yake lango kuu, Bab al-Kabir, likafungwa. Aliyechelewa alilala nje ya ukuta. Aliyekuwa ndani, akitaka kutoka nyumba hii kwenda ile, ilimpasa kushika fanusi ili aonekane ni nani.

Hoteli haikuwepo.

Hata hivyo wageni walilala, tena vizuri, kwa sababu kila aliyefika alikuwa mgeni wa mtu. Mfanyabiashara alifikia kwa mfanyabiashara mwenziwe, ndugu kwa ndugu, Mwingereza kwa balozi wake. Meli za kampuni ya British India zilitia nanga mbali na abiria wakateremshwa kwa mashua, maana gati ya meli kubwa ilipatikana Matrah katika miaka ya 1970 tu. Alichohitaji abiria akifika pwani ni jina la mwenyeji wake.

Desturi hiyo ilikuwa ya bahari nzima, si ya Maskati peke yake. Msafiri Ibn Battuta aliikuta Mogadishu mwaka 1331: vijana walitoka kwa mashua kuilaki meli, kila mmoja na sinia lililofunikwa, akampa mfanyabiashara na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alilala kwa mwenyeji wake na kununua na kuuza kupitia kwake. Ukarimu na biashara vilikuwa kitu kimoja. Katika maelezo yake ya Nizwa, bara la Oman, aliandika kwamba watu hula katika nyua za misikiti, kila mmoja akileta alichonacho, na msafiri hukaa akala pamoja nao.

Majengo yalifuata desturi. Vijiji vya Oman vilikuwa na sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa au wa ukoo, ambamo mgeni alipewa kahawa na tende, akasikilizwa habari zake, akapata pa kuweka ubavu. Nyumba ya mjini iliweka majlisi karibu na mlango, ili mgeni apokewe, alishwe na kulazwa bila kupita upande wa wanawake. Hakuna aliyeuliza chumba kina vitanda vingapi. Magodoro yalikunjwa asubuhi na kutandikwa usiku, na chumba kilekile kililaza wawili leo na wanane kesho. Mtu aliyekulia Unguja, Lamu au Mombasa haelezwi jambo hili mara mbili.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alishika madaraka ya Oman, akawaita nyumbani Waomani waliotawanyika duniani. Nchi ilikuwa na takriban kilomita kumi za barabara ya lami na shule tatu. Miongoni mwa waliorudi walikuwamo maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, wengi wao waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Walikwenda maofisini, hospitalini, shuleni na katika kampuni ya mafuta. Waliotangulia waliwapokea waliofuata, na sebule zikawa mabweni.

Hoteli nazo zikaja, lakini kwa ajili ya wageni wa aina nyingine: wahandisi, wanabenki, wajumbe wa serikali. Al Bustan Palace ilijengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba wa Novemba 1985, na ukumbi wake wa mapokezi unapanda mita 38 kwenda juu. Kijiji cha wavuvi kilichokuwa katika ghuba ile kilihamishwa kuupisha mradi. Ni jengo zuri, hakuna ubishi, lakini jina la kijiji ndilo lililobaki kwenye kibao cha hoteli.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, New York, Ian Schrager na Steve Rubell walifungua hoteli ya Morgans, yenye vyumba vilivyobuniwa na Andrée Putman. Mtindo wa hoteli inayouza kwanza umbo lake ulienea kutoka miji kama hiyo: taa hafifu, rangi chache, kila kitu mahali pake. Maskati ilipata kielelezo chake mwaka 2003, ilipofunguliwa The Chedi kwa ubunifu wa Jean-Michel Gathy, ambayo baadaye ilikuja kuwa na bwawa la kuogelea la mita 103.

Mtindo huo uliwalenga wawili: mume na mke, au msafiri wa kazi peke yake. Familia ya watu sita kutoka Dar es Salaam, yenye bibi mwenye magoti mabovu na watoto watatu, inapoingia katika hoteli ya namna hii, iwe Maskati au kwingineko, matatizo huanza mapema. Chumba ni kizuri, kitanda ni kimoja. Itawalazimu kuchukua vyumba vitatu, na bibi atalala peke yake, jambo ambalo huenda hajalifanya maisha yake yote. Bafu lina ukuta wa kioo, na mbunifu aliyeliita hilo uwazi hakuwahi kufikiria sitara ya mama aliye chumba kimoja na wanawe. Ukumbini viti ni vya kutazamwa, na watoto hawana pa kukimbilia. Hakuna aliyewafanyia uovu. Waliingia katika jengo lililochorwa bila wao.

Majlisi na kahawa ya Kiarabu viliandikishwa UNESCO mwaka 2015 kuwa urithi wa Oman na jirani zake watatu, na sasa hoteli nyingi humpokea mgeni kwa kikombe cha kahawa na tende moja mlangoni. Nyumba za wazungumzaji wa Kiswahili mjini Maskati bado hupokea jamaa wa Unguja na London. Mizigo hupangwa ukutani, meza husogezwa, na ikifika saa nne usiku magodoro hutandikwa sebuleni, watoto upande huu, bibi karibu na mlango wa choo asisumbuke kutembea gizani.