Saratani ya mkono au mguu: Kikao cha madaktari hutangulia kisu

UVIMBE usiouma kwenye paja la mchuma majani chai wa Nyamira au mkulima wa ndizi wa Kisii huweza kupuuzwa kwa miezi mingi. Aghalabu uvimbe wa aina hiyo ni mafuta tu yasiyo na madhara. Hata hivyo, ule unaozidi sentimita 5, unaoendelea kukua au uliojificha ndani ya misuli unapaswa kushukiwa kuwa sarkoma, yaani saratani ya misuli, mafuta, neva au mishipa ya damu.

Maradhi haya ni adimu. Tabibu anaweza kuhudumu miaka mingi bila kuyaona, kisha akaukata uvimbe akidhani ni mafuta. Hapo ndipo madhara huanza, kwani chembe za saratani husalia kidondani na upasuaji wa pili huwa mkubwa zaidi.

Utaratibu ufaao ni kupiga picha kwanza, hasa ya MRI, kisha kutoa sampuli kwa sindano nene. Pa kudungwa huchaguliwa pamoja na daktari atakayepasua, kwa sababu njia ya sindano huenda ikaondolewa pamoja na uvimbe. Mapafu nayo hupigwa picha, maana ndiko sarkoma husambaa zaidi. Ndipo mpasuaji, mtaalamu wa picha, mpimaji wa sampuli, madaktari wa mionzi na wa dawa za saratani, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huketi kikao kimoja.

Hofu kuu ya wagonjwa ni kukatwa mguu. (Si kwamba kisu ni kigeni Gusii, ababari wa huko walifungua mafuvu ya vichwa tangu jadi.) Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1982 ulihusisha wagonjwa 43. Haukuonyesha tofauti ya wazi ya muda wa kuishi kati ya waliokatwa kiungo na waliotolewa uvimbe kisha wakapewa mionzi.

Kizingiti ni umbali. Mionzi ya kabla ya upasuaji huchukua takriban vipindi 25 katika wiki tano. Mgonjwa anayetoka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii akatumwa Nakuru, Eldoret au Kenyatta jijini Nairobi huhitaji malazi kwa muda huo wote, na mtu wa kumchumia chai nyumbani. Hayo pia ni ya kujadiliwa kikaoni kabla ya tarehe ya upasuaji kuwekwa.

Aliyekwisha kukatwa uvimbe bila vipimo bado ana nafasi ya kutibiwa. Nyama iliyotolewa isitupwe. Ihifadhiwe katika fomalini na kupelekwa maabara, naye apewe barua ya rufaa mara moja.