Tiketi, Nauli na Chenga za Karatasi

Gazeti likishasomwa hufungiwa karanga. Tiketi ya basi haina hata bahati hiyo: ni ndogo mno kufungia kitu, na kazi yake huisha pale abiria anapokanyaga ardhi. Hukunjwa, hutafunwa, huviringishwa baina ya vidole mpaka ikawa kijiti, kisha hutupwa, na upepo ukaimalizia safari. Hata hivyo wapo watu walioiokota, wakainyoosha, wakaibandika katika daftari na kuandika pembeni yake tarehe na njia. Huko Uingereza kazi hii ilipata chama chake tangu mwaka 1946, wakati nchi ingali inafagia vifusi vya vita. Walio wengi huwacheka watu hawa. Lakini mwenye kutaka kujua mtu wa kawaida alitoka wapi asubuhi, akaenda wapi, na ilimgharimu kiasi gani, hana budi siku moja kubisha hodi kwao.

Kabla ya tiketi kulikuwa na nauli, na neno hili ni la bahari. Mswahili alilipa nauli ya jahazi karne nyingi kabla hajaona gurudumu la mpira. Alilipata kwa Mwarabu, ambaye kwake ni ujira wa chombo, na Mwarabu naye alilipata kwa Myunani. Wayunani wa kale walikuwa na desturi ya kumtia maiti sarafu kinywani, ili ampe mwenye mashua avushwe mto wa wafu, na sarafu hiyo waliiita kwa jina hilohilo. Kwa hiyo kila konda anayepiga mlango na kudai nauli anatamka, bila kujua, neno lililokwisha kudaiwa hata kuzimu.

Neno basi lina kisa chake pia. Mwaka 1826, katika mji wa Nantes nchini Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha gari la farasi la kuwapeleka wateja kwenye hamamu yake, na gari la namna hiyo likaja kuitwa omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Tarehe 4 Julai 1829 George Shillibeer alilifikisha jina hilo London, kwa gari la farasi watatu na abiria 22, kutoka Paddington hadi Bank. Waingereza, wenye haraka zao, walikata kichwa cha neno wakabaki na mkia. Mkia wenyewe si neno, ni kiambishi tamati tu cha sarufi ya Kilatini. Kiambishi hicho kilipofika pwani yetu kilimkuta mwenyeji, basi la Kiajemi, lenye maana ya "imetosha". Tangu hapo maneno mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana, nao washairi wana kina cha bure.

Magari ya mwanzo hayakuwa na tiketi. Konda wa London alisimama kwenye kidaraja cha nyuma, akapokea fedha, akaitia mfukoni, na jioni akapeleka kwa mwajiri hesabu aliyoona yafaa. Kampuni kubwa ya mabasi ya farasi ya mji huo, London General Omnibus Company, iliyoasisiwa mwaka 1855, ilijua vyema kwamba sehemu ya mapato haifiki ofisini. Iliyajua hayo na ikanyamaza, kwa kuwa mishahara ilikuwa midogo na siku ya kazi ilikuwa ndefu kupita kiasi: saa 14, 15, hata 16. Kilichobaki mfukoni mwa konda kilikuwa ni nyongeza ambayo hakuna aliyeiandika. Kutokana nacho alimtazama dereva wake na watu wa zizini, na wote wakaishi. Huo ulikuwa mkataba usio na karatasi. Anayeuita wizi hakosei, lakini na asome kwanza saa za kazi.

Karatasi ilikuja mwezi wa Juni 1891. Kampuni iliamuru kila abiria apewe tiketi, na kila tiketi itobolewe. Makonda na madereva walielewa mara moja kilichotokea: nyongeza yao imekatwa, na mishahara haikupandishwa kwa kadiri ya pengo lile. Katika wiki ya kwanza ya mwezi huo waligoma. Mji mkubwa kuliko yote duniani wakati ule ulikwenda kwa miguu karibu wiki nzima. Mgomo ulipokwisha tiketi ilibaki, lakini wafanyakazi walikuwa wamepata siku ya kazi ya saa 12. Kwa hiyo kipande kile cha karatasi, ambacho leo hubandikwa katika albamu kama ua lililokaushwa, kilizaliwa katika ugomvi juu ya nani mwaminifu na nani alipwe nini. Hakikubuniwa kumfaa abiria. Kilibuniwa kumchunga konda, na kwa Kiswahili mtu anaweza kusema bila kutia chumvi kwamba siku ile konda alikonda.

Chombo cha uchungaji wenyewe kilikuwa cha ajabu. Kampuni ya Bell Punch, iliyoanzishwa London mwaka 1878, ilitengeneza koleo la kutobolea lenye kengele ndani yake. Konda aliingiza tiketi, akabana, kengele ikalia abiria wote wakasikia, na tundu likatokea mahali palipoonyesha mwisho wa safari. Lakini werevu haukuwa katika kengele. Ile chenga ya karatasi iliyotoka tunduni haikuanguka chini; ilibaki tumboni mwa koleo. Kila nauli ilikuwa na rangi yake ya tiketi, kwa hiyo palipokuwa na shaka karani alilifungua koleo jioni, akazimwaga chenga mezani, akazitenga kwa rangi na kuzihesabu moja moja: za kijani ngapi, nyeupe ngapi, za samawati ngapi. Konda hakuwa na la kusema mbele ya chenga. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutoa, mwaka 1961, mashine ya kwanza ya mezani ya kuhesabu kwa elektroniki tupu, iliyoitwa ANITA. Waliotoka kuhesabu chenga walifika mbali.

Ushairi nao haukuwa nje ya gari. Huko New York, katika miaka ya 1870, waandishi wa magazeti waliokuwa wamepanda gari la farasi la reli walisoma tangazo la kuwaelekeza makonda: nauli fulani, tiketi ya rangi fulani. Wakagundua kwamba maneno ya tangazo yana mapigo. Wakayaongeza kiitikio, yakawa wimbo. Mark Twain aliusoma gazetini, ukamkaa kichwani asiweze kula wala kulala, na mwaka 1876 akaandika hadithi ya mtu aliyeambukizwa utenzi huo wa tiketi asipone mpaka alipomwambukiza rafiki yake. Mpenzi wa mashairi ataona hapa jambo analolijua: mizani haingoji ruhusa ya mshairi, hujitokeza hata katika amri ya bwana nauli.

Tiketi hizo za London zilikuwa vipande vya kadi nyembamba, upana kama wa vidole viwili, urefu kama wa kidole. Kando zake ziliandikwa vituo vya njia nzima, na vingi vya vituo hivyo vilikuwa na majina ya vilabu vya pombe, maana hapo ndipo farasi walipokuwa wakipumzishwa. Palikuwa na tiketi ya mtoto, tiketi ya mfanyakazi aliyepanda alfajiri kwa nauli ya chini, na tiketi ya mbwa. Anayezipanga kwa miaka huona mji ukitanuka mbele ya macho yake. Kituo cha mwisho kinasogea shambani, jina la shamba linageuka jina la mtaa, nauli inapanda peni moja, kisha nusu peni. Hakuna mwanahistoria aliyeyaandika hayo kwa utaratibu kama yalivyojiandika yenyewe.

Wakusanyaji wa mwanzo walikuwa watoto. Mlangoni mwa basi palikuwa na kijisanduku cha tiketi zilizokwisha kazi, na mkono mdogo uliweza kuingia. Watoto wa Uingereza walijumlisha tarakimu za namba ya tiketi, na jumla ikiwa 21 wakaiweka kwa kuamini kwamba ni ya bahati. Warusi walikuwa na kanuni ngumu zaidi: namba ina tarakimu 6, na tiketi ni ya bahati iwapo jumla ya tatu za mwanzo ni sawa na jumla ya tatu za mwisho. Katika kila tiketi 1,000,000 za namna hiyo zimo 55,252, yaani takriban moja katika 18. Ila desturi iliwataka wenye bahati wazile. Pengine hakuna hasara kubwa zaidi iliyowahi kuufika ukusanyaji wa tiketi.

Rangi ziliondoka London kidogo kidogo kuanzia mwaka 1953, ilipoletwa mashine ya George Gibson iliyochapa nauli juu ya mkanda wa karatasi tupu. Mashine hiyo ilidumu mpaka mwaka 1993. Tarehe 6 Julai 2014 mabasi ya mji huo yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu. Wakati huo wakusanyaji walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mabasi yenyewe. Tangu mwaka 1956 kundi la wapenzi wachache lilikuwa limechanga fedha likanunua basi T31, la mwaka 1929, lisipelekwe kuvunjwa.

Mwaka huohuo wa 1956, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Montgomery jimbo la Alabama, watu weusi walikuwa wakienda kazini kwa miguu. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti, dereva James Blake akaita polisi, na mgomo uliofuata ukadumu siku 381. Basi lenyewe liliendelea na kazi kama kwamba halikushuhudia lolote. Lilipozeeka liliuzwa kwa mtu mmoja wa huko, naye akaliweka uwanjani, likawa ghala la mbao na zana. Vioo vilivunjika, kutu ikala bati. Familia ilisikia kwa mwuzaji kwamba hilo ndilo basi la Rosa Parks, lakini maneno ya mwuzaji si hati, na serikali ya mji haikuwa na daftari lililotaja namba.

Ushahidi ulitoka kwa mkusanyaji. Msimamizi mmoja wa kituo cha mabasi siku zile za mgomo alikuwa akikata habari za magazetini na kuzibandika katika kitabu. Pembeni ya habari mojawapo aliandika kwa kalamu namba 2857 na jina la Blake. Hakutoa maelezo, na haielekei kwamba alikiandika kwa ajili ya vizazi vijavyo. Aliandika kama mtu wa kazi anavyoandika namba ya gari. Wataalamu wa hati waliuchunguza mwandiko na karatasi, na mwaka 2001 jumba la makumbusho la Henry Ford, lililoko Dearborn karibu na Detroit, lililinunua basi kwa dola 492,000. Lilitengenezwa, likawekwa hadharani mwaka 2003. Rosa Parks, aliyehamia Detroit tangu mwaka 1957, alifariki katika mji huo tarehe 24 Oktoba 2005. Lau yule msimamizi angeona haya ya kubandika makaratasi, bati lile lingeuzwa kwa kilo.

Afrika ya Mashariki iliipokea tiketi pamoja na konda wake. Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934, mtoto wa kampuni ya London. Dar es Salaam ilikuwa na DMT, iliyotaifishwa mwaka 1970, na kutoka kwake zikazaliwa mwaka 1974 UDA kwa ajili ya mji na KAMATA kwa ajili ya safari za mbali. Waliokuwa watu wazima miaka ile hawajasahau Ikarusi, lile basi la Hungaria lenye kiungo katikati, watu wakaliita kumbakumba. Kisha vipuri viliadimika, foleni vituoni zikarefuka, na magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 yaliruhusiwa rasmi. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na konda alipoinadi mara mbili gari likapata jina. Jirani yake wa Kenya, matatu, naye alikwisha kupewa jina na nauli: mapeni matatu ya senti kumi kumi.

Daladala haikutoa tiketi. Wengi walilaumu uzembe, na hapo hawakutenda haki. Mwenye gari alitaka hesabu yake ya siku, kiasi kilichokatwa asubuhi. Kilichozidi kilikuwa cha dereva na konda, na kila mmoja alijua hivyo. Pasipo wa kudanganywa, chenga zihesabiwe kwa faida ya nani? Konda wa Kariakoo, noti zikiwa zimekunjwa kwa urefu baina ya vidole vyake, alikuwa amerudi palepale alipokuwa mwenzake wa London kabla ya Juni 1891. Tofauti ni kwamba safari hii mkataba uliwekwa wazi.

Lakini aliyetaka kumbukumbu alipoteza. Magari ya mbao ya Unguja, yaliyochongwa na mafundi wa hapahapa, abiria wakikabiliana kwa magoti na mizigo ikiwa darini, yalipeleka watu shamba na kuwarudisha Darajani miaka nenda miaka rudi, na hakuna karatasi moja inayosema ni wangapi au walilipa nini. Palibaki namba ya njia kipajini, 502 ya Bububu, 116 ya Nungwi, na misemo iliyopakwa rangi juu ya miili ya magari, jamaa ya jina la kanga, yenye mafumbo ya kumjibu jirani asiyetajwa. Anayekusanya majina ya kanga ana vitambaa vya kushika mkononi. Misemo ya magari ilifutwa kila gari lilipopakwa rangi upya, na fundi hakunakili.

Mwezi wa Mei 2016 mwendokasi ulianza Dar es Salaam, kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwa nauli ya shilingi 650, na tiketi ikarudi mkononi mwa abiria. Ilirudi ikiwa imechapwa na mashine isiyotumia wino. Karatasi yake ina dawa inayogeuka nyeusi kwa joto, na joto hilohilo, pamoja na mwanga na jasho la kiganja, huipausha. Tiketi ya kadi ya London ya mwaka 1930 husomeka mpaka leo hata tundu lake. Hii ya juzi, ikikaa miaka michache katika saraka ya nyumba ya pwani, dirisha likielekea kusi, hutolewa ikiwa nyeupe.